Mahali Wanapofika Samaki Nyati

Kwa mwaka mzima nilikuwa nalitaja jina la kaunti ninayoishi bila kujua kwamba ni maneno yenye habari ndani yake. Nililiona kwenye mlango wa gari la sherifu, kwenye bahasha za kodi, kwenye kibao cha barabarani, nikalisoma kama mtu anavyosoma namba ya nyumba. Kandiyohi. Nilidhani ni jina la mzungu fulani wa zamani, kama yalivyo majina mengi ya huku Minnesota, Marekani.

Aliyenifungua masikio ni bibi mmoja katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Alikuwa na miaka 94. Asubuhi moja nikimvalisha soksi aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia ni Magu, mkoa wa Mwanza, pale mto Simiyu unapoingia ziwani. Akasema basi mimi ni mtoto wa ziwa na nimefika mahali pake. Ndipo akanieleza kwamba kwa lugha ya Wadakota, wenyeji wa nchi hii, kandi ni samaki wa aina fulani, na yohi ni kufika. Kandiyohi ni mahali wanapofika samaki nyati. Nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, soksi ya pili ikiwa bado mkononi.

Kwetu tulikuwa na ningu. Mvua za masika zikiujaza mto, ningu walipanda kutoka ziwani kwenda kutaga, na baba yangu mkubwa husimulia kwamba enzi za ujana wake mtu aliingia majini na tenga akatoka na kitoweo cha siku mbili. Mimi nilipopata akili nilikuta wamebaki wachache. Nyavu zilikuwa zinatandazwa mdomoni mwa mto, samaki anakamatwa akiwa na mayai tumboni, kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Kwa hiyo bibi yule aliponiambia kwamba kuna watu waliotazama maji, wakaona samaki wakija, wakaifanya habari hiyo kuwa jina la mahali, sikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Hao walikuwa watu wa maji kama sisi.

Nilikuja Willmar mwezi wa Januari. Ni mji wa watu 21,015 kwa sensa ya 2020, karibu nusu ya watu wote wa kaunti, kama kilomita 150 magharibi ya Minneapolis. Niliambiwa nakwenda nchi ya maziwa. Nikaangalia dirishani safari nzima sikuona hata dimbwi. Tulipokaribia mjini tukapita pembeni ya shamba kubwa jeupe, limelala sawa kama meza, na juu yake kulikuwa na vibanda vidogo vya rangi rangi na magari yameegeshwa. Nikamuuliza aliyenipokea: hawa wanajenga nini shambani wakati huu wa baridi? Akanijibu kwamba lile si shamba, ni Foot Lake, na wale wanavua.

Watoto wa ziwa tunafundishwa kuyaogopa maji kabla ya kuyapenda. Ilinichukua majuma matatu kukubali kukanyaga pale. Barafu ikifika unene wa sentimeta 10 hivi inambeba mtu anayetembea kwa miguu. Ikiongezeka sana ndipo wanapoingiza magari. Wanatoboa tundu kwa keekee kubwa ya injini, wanaweka kibanda juu yake, ndani wana jiko dogo la gesi, na fimbo ya kuvulia haizidi urefu wa mkono. Anayetafutwa zaidi ni wolai, samaki mwenye macho kama kioo yanayong'aa gizani, nyama yake nyeupe na tamu, haina miba midogo ya kusumbua. Wa kwanza niliyempata nilimkaanga mzima na kichwa chake, nikamtia ndimu na pilipili. Wenzangu kazini walishangaa kichwa. Mimi nilishangaa kwamba wao hukitupa.

Maziwa haya yalichimbwa na barafu. Katika enzi ya mwisho ya barafu, iliyokwisha katika eneo hili kama miaka 12,000 iliyopita, barafuto nene lilishuka kutoka kaskazini likiburuta mchanga, udongo na mawe. Lilipoanza kurudi nyuma liliacha vilima vya mchanganyiko huo, na ndani ya vilima likaacha mapande makubwa ya barafu yaliyofukiwa. Mapande yakayeyuka polepole, udongo wa juu ukadidimia, mashimo yakajaa maji. Ndiyo maana kaunti hii ina sura mbili. Kaskazini, kuanzia Spicer na New London, ni vilima, misitu ya mialoni na maziwa yenye kina. Kusini ni tambarare ya mahindi na soya, na maziwa yake ni mapana lakini ya kina kifupi, yakiwemo mawili yenye jina lenyewe: Big Kandiyohi na Little Kandiyohi.

Green Lake, ziwa lao kubwa la kaskazini, lina eneo la zaidi ya ekari 5,400 na kina kinachofika futi 110, yaani mita 33 hivi. Watu wa Mwanza wasicheke. Katika jimbo lenye maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, kila ziwa lina watu wake wanaoapa kwamba hakuna jingine kama hilo, na jioni ya Julai, maji yakiwa yamegeuka kijani kile kilicholipa jina, mimi huwa upande wa watu wa Green Lake.

Nilipokwenda kutafuta habari za kaunti, kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni mwaka. Kandiyohi ilitangazwa kuwa kaunti tarehe 20 Machi 1858, na Minnesota ikawa jimbo la Marekani tarehe 11 Mei mwaka huohuo. Agosti ya 1858 John Hanning Speke alisimama kusini mwa ziwa letu, karibu na Mwanza ya leo, akaliita Victoria kwa jina la malkia wake. Wasukuma walikuwa na jina, Waganda walikuwa na Nalubaale, Wajaluo walikuwa na Nam Lolwe. Ghuba niliyokulia pembeni yake mpaka leo inaitwa Ghuba ya Speke. Ndani ya mwaka mmoja, pande mbili za dunia, watu wenye kalamu walikuwa wanaandika majina ya maji kwenye ramani. Tofauti ni kwamba kwetu watu walibaki, jina likabadilishwa. Hapa jina lilibaki, watu wakaondolewa.

Hili la watu kuondolewa nitakaa nalo kidogo, kwa sababu vibao vingi vya kumbukumbu niliposoma vinaanzia katikati.

Mwaka 1851, kwa mikataba ya Traverse des Sioux na Mendota, Wadakota walitoa zaidi ya ekari milioni 20 za nchi yao kwa serikali ya Marekani, wakabakishiwa ukanda mwembamba kando ya mto Minnesota na ahadi ya malipo ya kila mwaka. Mwaka 1858 wakapoteza nusu ya kaskazini ya ukanda huo pia. Sehemu ya fedha iliishia mikononi mwa wafanyabiashara waliodai madeni. Mazao ya 1861 yalikuwa mabaya. Majira ya joto ya 1862 malipo yalichelewa, serikali ikiwa katikati ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, na chakula kilichokuwa ghalani hakikutolewa kwa wenye njaa. Mtu anayetoka nchi ya wakulima anajua njaa ya kukaa mbele ya ghala lililofungwa ni njaa ya namna gani.

Tarehe 17 Agosti 1862 vijana wanne wa Kidakota waliwaua walowezi watano huko Acton, kaunti jirani ya Meeker. Siku iliyofuata vita vikaanza, chini ya uongozi wa Taoyateduta, ambaye Wazungu walimwita Little Crow. Tarehe 20 vita vikafika upande huu wa maziwa: watu 13 wa familia mbili za Kiswidi, Broberg na Lundborg, waliuawa karibu na Monson Lake, nje kidogo ya mpaka wa magharibi wa kaunti. Wengi walikuwa wanawake na watoto.

Siku ya pili yake wapiganaji walifika kwenye nyumba ya magogo ya mama mmoja wa Kinorwei, Guri Endreson. Nyumba hiyo ipo mpaka leo, nje kidogo ya Willmar. Nimeingia. Ni chumba kimoja. Ukinyoosha mikono unakaribia kugusa ukuta na ukuta. Guri alikuwa amehama kutoka Hardanger na mumewe Lars na watoto wao. Mchana ule Lars aliuawa na mtoto wao Endre akauawa. Kijana mwingine alipigwa risasi akajifanya amekufa. Mabinti wawili walitekwa, baadaye wakatoroka. Guri mwenyewe alijificha kwenye shimo la kuhifadhia vyakula pamoja na binti yake mdogo kabisa.

Alipotoka alikusanya waliobaki akaondoka. Njiani akafika kwenye nyumba ambamo majirani wawili, Solomon Foot na Oscar Erickson, walikuwa wamelala na majeraha ya risasi hawawezi kusimama. Aliwaosha, akawafunga vidonda, akawapakia kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe, akawapeleka Forest City, kama kilomita 50, usiku akikesha kuwalinda. Foot Lake, lile shamba jeupe nililoliona siku ya kwanza, limepewa jina la huyo Solomon Foot. Guri aliwekewa mnara makaburini mwaka 1907. Mwaka 1866 aliwaandikia barua ndugu zake Norwei kuwaeleza yaliyompata. Miaka minne ilikuwa imepita tangu yampate. Mimi ninayetuma sauti kwa WhatsApp kila Jumapili nimekaa mara nyingi nikiifikiria miaka hiyo minne.

Ninampenda Guri. Naandika hivyo nikijua kwamba ardhi aliyolima ilikuwa ya watu wengine miaka michache tu kabla hajafika, na sidhani mapenzi hayo yananizuia kuyasema yaliyofuata. Vita vilikwisha mwishoni mwa Septemba. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 303, baadhi kwa kesi za dakika chache. Rais Lincoln akapunguza orodha, na tarehe 26 Desemba 1862 Wadakota 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Hakuna siku nyingine katika historia ya Marekani watu wengi hivyo walionyongwa kwa pamoja. Wanawake, watoto na wazee wapatao 1,600, ambao wengi wao hawakushika silaha, walifungiwa kambini chini ya ngome ya Fort Snelling wakati wa baridi, na mamia wakafa kwa maradhi. Mwaka 1863 sheria ikawafukuza Wadakota kutoka Minnesota.

Bibi wa nyumba ya wazee hakupenda watu wakimsimulia habari ya 1862 nusu nusu. Mababu zake walikuwa Wanorwei wa Norway Lake, kanisani kwao waliimba Kinorwei hadi yeye alipokuwa msichana, na kaburi moja la ukoo wao lilikuwa la wakati wa vita. Lakini alisema baba yake alimkataza kusema kwamba Wadakota walitoka msituni. "Walitoka nyumbani kwao," alikuwa akimwambia.

Baada ya vita kaunti ilikaa karibu tupu kwa muda. Kandiyohi ya leo ni kaunti mbili zilizounganishwa mwaka 1870. Ya kaskazini ilikuwa inaitwa Monongalia. Mwaka 1869 reli ya St. Paul & Pacific ilifika, kituo kikaitwa Willmar kwa jina la Leon Willmar, Mbelgiji aliyekuwa wakala wa watu wa Ulaya waliokopesha fedha za reli. Waswidi, Wanorwei na Waholanzi wakamiminika. Maziwa yakapewa majina mapya. Lake Lillian, kusini, ni jina la mke wa Edwin Whitefield, mchoraji na muuza viwanja aliyepita huku miaka ya 1850.

Kuna habari moja ya miaka hiyo ambayo Mtanzania hawezi kuipita. Mwaka huohuo wa 1869 bunge la jimbo lilipitisha muswada wa kuhamisha makao makuu ya Minnesota kutoka St. Paul kuja Kandiyohi, kwenye ardhi ya serikali iliyokuwa imetengwa. Gavana William Marshall akaukataa. Sisi tuliamua habari ya Dodoma mwaka 1973 na tukaingoja kwa miongo. Wao walikosa kwa saini moja. Leo mahali pale ni mashamba.

Upande wa kaskazini kuna hifadhi ya Sibley, iliyoanzishwa mwaka 1919, yenye Lake Andrew na kilima cha Mount Tom, futi 1,375 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 419. Kwa mtu aliyezoea mawe ya Mwanza si kilima cha kutisha, lakini ukifika juu unaona maziwa yamelala katikati ya miti kama vipande vya kioo, na Oktoba majani ya mialoni yakiwa mekundu ni vigumu kushuka. Aliyeongoza juhudi za kuomba hifadhi hiyo ni Peter Broberg. Ndiyo, Broberg wa familia ile. Alikuwa miongoni mwa watoto walionusurika siku ile ya Agosti 1862. Nikimfikiria mzee aliyewapoteza watu wake utotoni akihangaika watu wengine wapate mahali pa kutembea na kupumzika kwenye vilima vilevile, moyo unajaa. Ila hifadhi ikaitwa kwa jina la Henry Sibley, gavana wa kwanza, aliyependa kuwinda hapa, na ambaye ndiye aliyeongoza jeshi dhidi ya Wadakota na kusimamisha mahakama ile ya 1862. Mdakota anayekuja kupiga hema kando ya Lake Andrew anapita chini ya jina hilo getini.

Nao wapo. Hawakwisha. Wengine walirudi kimyakimya, wengine hawakuondoka kabisa. Jumuiya ya Wadakota ya Upper Sioux iko karibu na Granite Falls, mwendo wa saa moja hivi kutoka Willmar, na Machi 2024 jimbo liliwarudishia ardhi iliyokuwa hifadhi ya Upper Sioux Agency, mahali ambapo wazee wao walikaa na njaa mbele ya maghala. Niliposoma habari hiyo bibi alikuwa ameshafariki. Ningempelekea gazeti.

Alichonisimulia zaidi bibi hakikuwa vita. Kilikuwa ni dimbwi. Shambani kwao kulikuwa na ziwa dogo lisilo na jina, la kina cha kiunoni, lenye matete, na kila mwezi wa nne lilijaa bata na vyura kiasi kwamba usiku mama yake alifunga madirisha apate usingizi. Vidimbwi vya namna hiyo vilikuwa vimetapakaa mbuga nzima, vimeachwa na barafuto kama matone. Kwa mkulima vilikuwa hasara, maana udongo wake ni mweusi na mnono kuliko wote. Wakachimba mifereji, wakafukia mabomba ya udongo wa kuchoma, siku hizi ni ya plastiki yenye matundu, maji yakanyonywa chini kwa chini hadi kwenye mito. Baba yake alimaliza kazi hiyo wakati wa kiangazi. Aprili iliyofuata bata walikuja, wakazunguka juu ya shamba, wakazunguka tena. Bibi alikuwa na miaka 9. Aliponieleza alizungusha kidole hewani taratibu, mara tatu, kisha akakishusha kwenye blanketi.

Sehemu kubwa kabisa ya madimbwi ya mbuga za Minnesota yamekwenda namna hiyo. Mavuno ya mahindi yamekuwa ya kustaajabisha, nami ninakula mkate wa nchi hii, simlaumu mkulima aliyekuwa na watoto wa kulisha. Lakini dimbwi lilikuwa chujio. Bila yake, mbolea inateremka moja kwa moja, na Agosti maziwa ya kusini yanageuka supu ya mwani. Kwetu tunaijua supu hiyo, pamoja na magugu maji. Na tunajua pia mgeni anayeletwa au kuingia majini akageuza kila kitu, maana tuna sangara na tunakumbuka furu, samaki wadogo aliowamaliza. Hapa mgeni ni kome wa milia, mdogo kama ukucha, aliyetoka upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi na kuingia Marekani kwa maji ya meli. Mwaka 2014 alithibitishwa Green Lake. Anachuja maji mpaka yanakuwa angavu kupita kiasi, na kuyala yale ambayo vifaranga wa samaki wangekula. Wageni wa mapumziko wanasema ziwa limependeza. Wavuvi wananyamaza.

Uchumi wa mji siku hizi ni bata mzinga. Earl Olson alijenga biashara ya bata mzinga hapa karne iliyopita, na kampuni ikaja kuitwa Jennie-O kwa jina la binti yake. Homa ya ndege ya 2015 iliipiga kaunti hii kuliko nyingine yoyote ya Minnesota. Jimbo zima lilipoteza ndege wapatao milioni 9, na nimefanya kazi na watu wanaokumbuka ukimya wa mabanda yale.

Kazi ya viwanda hivyo ndiyo iliyowaleta Walatino, kisha Wasomali, kisha Wakaren wa Burma. Na Wasomali ndio waliokirudisha Kiswahili mdomoni mwangu. Mwezi wangu wa pili niliingia duka moja katikati ya mji kutafuta iliki. Nikahesabu pesa kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, na mama aliyekuwa nyuma ya kaunta akaruka: "Dada! Wewe ni mtu wa wapi?" Alikuwa amekaa Dadaab miaka 14 na Eastleigh miaka 3. Kiswahili chake ni cha Kenya, cha mbiombio, changu kikamfanya acheke na kuniita mwalimu. Alinipa sambusa tatu akakataa pesa. Tangu siku hiyo tunaitana dada, na nikimweleza habari za maziwa yeye huniambia habari za kuishi sehemu ambayo maji yanakuja kwa lori.

Sasa nirudi kwa samaki mwenyewe.

Ni mkubwa, ana magamba mapana ya rangi ya shaba na kijivu, na mgongo ulioinuka kama nundu. Ndiyo maana walowezi wakamwita nyati. Hana meno ya kutisha, anachuja vidudu vidogo vya majini. Kwa miaka mingi sheria zilimweka kundi moja la samaki duni pamoja na samaki wa kigeni wanayemwita kapu, aliyeletwa kutoka ng'ambo na kusambazwa Marekani miaka ya 1880. Mwenyeji akahesabiwa takataka pamoja na mgeni. Watu waliwapiga mishale usiku kwa taa, bila kikomo cha idadi, wakawatupa ufukweni.

Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya kuhesabu pete kwenye vijiwe vya sikio la samaki nyati mwenye mdomo mpana, kama watu wanavyohesabu pete za mti. Kabla ya hapo ilidhaniwa anaishi miaka 26 hivi. Walikuta wengi waliopita miaka 80, na mmoja wa Minnesota alikuwa na miaka 112. Alianguliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kabla ya hifadhi ya Sibley, kabla ya bibi yangu wa soksi kuzaliwa. Na kati ya hao wazee wengi hakuna vijana wa kutosha nyuma yao, kwa sababu wanahitaji maji ya kina kifupi yaliyofurika kwenye majani ili watage, na maji ya namna hiyo ndiyo hasa yaliyokaushwa. Samaki anaweza kungoja. Anarudi kila masika, mwaka baada ya mwaka, akitafuta dimbwi la mtoto wa miaka 9.

Mei iliyopita, baada ya mvua ya siku tatu, nilimchukua dada yangu wa dukani tukaenda kusini, kwenye mfereji unaoingia mojawapo ya maziwa yale ya kina kifupi. Bibi ndiye aliyekuwa amenielekeza, zamani, kwa kidole chake juu ya blanketi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Hatukuona kitu kwanza, tulisikia: maji yanapigwa kwenye nyasi, pa, pa, kama mtu anayefua nguo nzito. Kisha mgongo ukapita, mweusi, mpana kama kiganja cha baba. Nyuma yake mwingine. Wakawa wanasukumana kwenye majani yaliyozama, maji yamegeuka tope, mikia nje.

Nikampigia mama kwa video. Magu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nikageuza simu kuelekea majini.

"Ningu hao?" akauliza.

"Hapana mama. Wanaitwa kandi."

Akasogeza uso karibu na kioo mpaka nikaona jicho moja tu. Dada akachutama pembeni yangu, akanyamaza. Samaki mmoja akajirusha hadi maji yakatulowesha viatu.

"Usikate," mama akasema. "Kaa hapohapo, nimwite baba yako mkubwa aje aone."